Harufu ya Chungwa Hukaa Wapi?

Chungwa likimenywa katika chumba kimoja, walio katika chumba cha pili hujua. Hawahitaji kuona wala kuambiwa; harufu hupita chini ya mlango na kuwafikia kabla kipande cha kwanza hakijatiwa kinywani. Lakini maji ya chungwa hilohilo yakichemshwa na kutiwa katika kopo au chupa, kisha yakakaa rafuni miezi kadha wa kadha, hakuna mtu wa chumba cha pili atakayejua kwamba chupa imefunguliwa. Utamu ungalipo, uchachu ungalipo, na rangi ipo, pengine imezidi. Kilichotoweka ni kile ambacho mkono hauwezi kukishika, nacho ndicho kilichomfanya mtu alitamani chungwa hapo mwanzo.

Jambo hili si dogo kwa nyumba inayoishi kwa mshahara wa mwezi. Mama wa nyumbani anayenunua maji ya machungwa ya chupa kwa kuwa yanaonekana ya heshima mbele ya wageni, ilhali machungwa yenyewe yamerundikwa sokoni kwa bei nafuu, afaa ajue analipia kitu gani na ni kitu gani hakimo. Wanakemia wameichunguza harufu ya matunda haya kwa muda unaozidi miaka mia moja, na mengi waliyoyagundua yanaweza kutumika jikoni bila chombo chochote ila kisu kikali na pua.

Yafaa kuanza na ganda. Ganda la chungwa, kama lilivyo la limau, ndimu, chenza na balungi, lina tabaka mbili. Ile ya nje, yenye rangi, imejaa vifuko vidogo vya mafuta. Ndivyo vile vitone vinavyoonekana kwa macho mithili ya matundu ya sindano. Ile ya ndani, nyeupe kama pamba, haina mafuta hayo bali ina uchungu. Mtu akikunja kipande cha ganda bichi mbele ya mshumaa unaowaka, vifuko hupasuka, mafuta huruka, na ulimi wa moto hutoa cheche. Watoto hupenda sana mchezo huu, lakini mzazi asiondoke na nyuso zao ziwe mbali, kwani mafuta hayo huwaka kwelikweli na yakiingia jichoni huchoma. Mafuta yenyewe ni machache mno: hayafiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa tunda. Hata hivyo humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya harufu, si katika maji ya ndani.

Mjerumani Otto Wallach ndiye aliyeanza kuyaweka mambo haya katika utaratibu. Alipokuwa akifanya kazi Bonn, aliona katika kabati la mkuu wake, mwanakemia mashuhuri Kekulé, chupa za mafuta ya mimea ambazo hakuna aliyekuwa akizishughulikia, akaomba ruhusa azichunguze. Zama hizo kila mtaalamu aliyekamua mmea alikipa jina jipya alichokipata, na majina yakazidi kuwa mengi bila mpango. Kuanzia mwaka 1884 Wallach alionyesha kwamba vitu vingi vilivyodhaniwa kuwa tofauti ni kitu kimoja chenye majina mengi. Miongoni mwake kilikuwamo kitu kinachopatikana katika maganda ya machungwa na malimau, ambacho huitwa limonene. Mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake hiyo juu ya vitu vya jamii hii.

Sasa, katika mafuta ya ganda la chungwa limonene ni zaidi ya sehemu 90 katika mia. Mtu angeweza kusema, basi, hiyo ndiyo harufu ya chungwa, na mazungumzo yaishe. Lakini katika mafuta ya balungi pia limonene ni takriban sehemu 90 katika mia, na hakuna mtoto, hata akifungwa kitambaa machoni, atakayenusa balungi akasema ni chungwa. Katika limau limonene ni kiasi cha theluthi mbili. Kwa hiyo kitu kilicho kingi kuliko vyote katika matunda haya hakiwezi kuwa ndicho kinachoyatofautisha. Lazima jibu liwe katika yale masalio machache yanayobaki.

Kwa upande wa limau jibu lilipatikana mapema. Humo mna kitu kiitwacho sitrali, sehemu chache tu katika mia, nacho ndicho kinacholipa limau harufu yake kali inayozibua pua. Msomaji anayetia mchaichai katika birika la chai anaifahamu sitrali tangu zamani pasipo kujua jina lake, kwani mafuta ya mchaichai kwa sehemu kubwa ni sitrali. Ndiyo maana chai ya mchaichai hunukia kama iliyotiwa limau ingawa hakuna limau lililokaribia birika. Chenza nalo lina timoli kidogo, kitu kinachonukia pia katika baadhi ya dawa za kusukutua kinywa.

Chungwa na balungi yalikuwa magumu zaidi, na ilibidi kungoja chombo kipya. Mwaka 1952 Waingereza A. T. James na A. J. P. Martin walitangaza njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvigeuza mvuke na kuvipitisha katika bomba jembamba. Njia hiyo huitwa kromatografia ya gesi. Siku hizi bomba hilo ni jembamba mithili ya uzi, lenye urefu wa mita 30 au zaidi, nalo limeviringishwa ndani ya tanuri. Mafuta ya ganda yakiingizwa upande mmoja, kila kitu kilichomo husafiri kwa mwendo wake, kama kikosi kilichoanza matembezi pamoja lakini mwenye miguu myepesi akafika kambini kwanza na mwenye mzigo akafika jioni. Mwishoni mwa bomba mashine huchora kilima kwa kila kinachofika. Kilicho kingi huchorewa kilima kirefu, kilicho kichache huchorewa kichuguu.

Mashine hiyo, hata hivyo, ilikuwa na upungufu mmoja ambao hakuna fundi angeweza kuuondoa: ilipima wingi, haikupima harufu. Kilima cha limonene kilipanda hadi juu ya karatasi, na vilivyobaki vilionekana kama majani yaliyoota chini ya mbuyu. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipata ufumbuzi ambao ni mwepesi kiasi cha kuchekesha. Waliligawanya bomba mwishoni likawa na matawi mawili: tawi moja likaenda kwenye mashine, la pili likaenda kwenye pua ya mtu aliyeketi kitini. Mtu huyo hunusa kila kinachotoka na kutamka anachosikia: majani mabichi, ua, uyoga, ganda la chungwa, mpira ulioungua. Mara nyingi pua hupiga kelele mahali ambapo mashine haikuchora chochote, na mara nyingine mashine huchora kilima kikubwa mahali ambapo pua haisikii kitu cha maana. Katika miaka ya 1980 kazi hiyo iliongezewa kipimo: mchanganyiko hupunguzwa nguvu hatua kwa hatua na kunuswa upya kila mara, mpaka vibaki vile vichache ambavyo bado vinasikika ingawa vimepunguzwa mno. Hivyo ndivyo nguzo za harufu.

Katika chungwa nguzo hizo ni pamoja na oktanali na dekanali, zinazonukia kama ganda lenyewe. Linalooli, yenye harufu ya maua. Na etili butanoati, ambayo huleta ule utamu wa puani unaofanana na wa nanasi lililoiva. Vyote vimo kwa kiasi kidogo sana. Oktanali husikika hata ikiwa gramu moja imechanganywa katika takriban tani elfu moja za maji. Limonene nayo si bure, kwa maana harufu hupungua ikikosekana, lakini ni kama ngoma kubwa katika bendi: hutoa mdundo, wimbo hutoka kwengine.

Kisa cha balungi kinashangaza zaidi. Mwaka 1964 iligunduliwa katika tunda hilo nutkatoni, kitu kilichokuwa kimekwisha kupatikana katika mbao za mti mmoja wa pwani ya Amerika ya Kaskazini. Ikadhaniwa kwamba siri imefichuka. Lakini mwaka 1982 wanakemia watatu wa kampuni ya Firmenich ya Geneva, Demole, Enggist na Ohloff, walitangaza kwamba katika maji ya balungi wamepata kitu chenye salfa ambacho nguvu yake ya harufu haikuwa na mfano katika vyakula. Gramu moja tu katika tani milioni 10 za maji, nayo pua huisikia. Tani milioni 10 za maji ni bwawa lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kina cha mita 10. Na kitu hichohicho kikiwa kingi si balungi tena, bali ni uvundo wa salfa unaomfukuza mtu chumbani. Asili imetia kidogo tu, na kidogo hicho ndicho balungi.

Yote haya yangekuwa hadithi za maabara tu, kama si jeshi. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwaka 1941, ilikuwa na askari wengi wa kulishwa mbali na nyumbani, na madaktari walitaka kila askari apate vitamini C, kwani akikosa kwa muda mrefu fizi hutoka damu na vidonda havifungi. Katika pakiti ya chakula cha vitani iliyoitwa K ikatiwa unga wa limau wa kukoroga majini. Kwa hesabu ya vitamini unga ule haukuwa na kasoro. Kasoro yake ilikuwa kwamba askari hawakuunywa. Walilalamika kwamba ni mkali, hauna ladha ya tunda, na wengi waliutupa. Zipo simulizi nyingi za vita hiyo zinazosema kwamba unga ule ulifaa zaidi kusugulia sakafu na vyombo. Ofisa yeyote wa ugavi anaweza kujifunza kitu hapo: chakula kisicholiwa hakina vitamini.

Katika jimbo la Florida, wataalamu watatu, MacDowell, Moore na Atkins, walikuwa wakitafuta namna ya kuyapunguza maji ya machungwa yawe mazito, yagandishwe na kusafirishwa, kisha yakikorogwa yarudie hali yake. Tatizo lilikuwa lilelile. Maji ya machungwa yakitiwa moto, kinachoondoka kwanza si maji bali ni harufu, kwa kuwa vile vitu vyepesi huruka kabla. Hata walipoyavukiza kwa moto mdogo katika chombo kilichoondolewa hewa, kilichobaki kilikuwa kitamu, kichachu na kizito, lakini hakikuwa chungwa. Dawa waliyoipata ni ya kimpishi zaidi kuliko ya kikemia: waliyafanya mazito kupita kiasi kilichotakiwa, kisha wakayazimua kwa maji mabichi ya machungwa yaliyokamuliwa wakati uleule. Maji mabichi yale yalirudisha harufu. Hati ya ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1948, nao waliikabidhi kwa serikali ili itumike na watu wote. Baadaye viwanda vilijifunza kuunasa ule mvuke wa kwanza, kuupoza na kuurudisha, pamoja na mafuta ya ganda. Kwa hiyo chupa ya maji ya machungwa inayonukia vizuri, aghalabu imenyang'anywa harufu yake na kurudishiwa.

Lakini moto haufukuzi tu, pia huumba. Mwaka 1975 watafiti wa serikali ya Marekani huko Florida waliyachunguza maji ya machungwa yaliyokaa katika makopo mahali pa joto, wakakuta vitu ambavyo havikuwamo yalipotiwa. Kimoja hutokana na limonene yenyewe kubadilika, nacho huleta harufu ya utomvu wa msonobari. Kingine kinanukia kama tunda lililooza. Cha tatu kinafanana na nanasi lililochakaa. Ndiyo harufu ile ya kopo ambayo kila aliyekunywa maji hayo anaikumbuka. Kadiri ghala linavyokuwa na joto ndivyo vinavyoongezeka, na msomaji anajua duka lililoezekwa kwa bati huwa na joto kiasi gani saa nane mchana. Anayenunua chupa na aangalie tarehe, achukue iliyo kivulini, na asiache ile iliyofunguliwa mezani mpaka kesho.

Kwa jikoni, basi. Machungwa yakamuliwe karibu na wakati wa kunywewa, na yasichemshwe. Yapo machungwa, hasa yale yasiyo na mbegu yenye kitovu, ambayo maji yake ni matamu yakikamuliwa na huwa machungu baada ya saa chache. Si uchafu wa chombo wala sukari mbaya, ndiyo tabia ya tunda. Ganda lisitupwe. Lioshwe vizuri, kisha kwa kisu kikali ichunwe ile tabaka ya nje peke yake, nyembamba kiasi cha kuona kisu kupitia kwake, na nyeupe iachwe. Kwa kuwa mafuta ya ganda hayachanganyiki na maji bali huchanganyika na mafuta mengine, maganda yaliyokatwakatwa hunukisha zaidi yakisagwa pamoja na siagi au sukari ya keki kuliko yakitupwa katika maji. Sukari hukwaruza vifuko na kuyanywa mafuta yanayotoka. Katika chai, kipande kimoja chembamba hutiwa birikani baada ya moto kuondolewa, na kifuniko kikafungwa. Anayekitia mapema na kukichemsha robo saa ameinukisha nyumba nzima isipokuwa chai.

Sokoni rangi isimdanganye mtu. Katika nchi zetu za joto chungwa lililoiva laweza kubaki kijani, kwa sababu ni baridi ya usiku inayoliondolea ganda ukijani. Lililo zito mkononi lina maji. Ukilisugua ganda taratibu kwa kidole gumba na kunusa, utajua mengi. Kulitia kucha si adabu, na muuzaji ana haki ya kukasirika.

Lipo jambo moja katika maganda haya ambalo pua haiwezi kulitambua, nalo ni la hatari. Mwezi wa Agosti 2020 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliisajili nutkatoni, kile kitu cha balungi, itumike kutengeneza dawa za kufukuza na kuua mbu na kupe. Habari ya namna hiyo huwatia watu moyo wa kujipaka ndimu au balungi ngozini jioni, na wengine hufanya hivyo hata mchana, kazini au lindoni. Nutkatoni iliyomo katika tunda ni haba, haitoshi kuwa kinga. Kwa upande mwingine ndimu ina vitu viitwavyo furokumarini, zaidi katika ganda na pia katika maji yake, ambavyo ngozi haivisikii mpaka jua lipige. Mionzi ya jua ikivikuta juu ya ngozi, huunguza. Wekundu hutokea kiasi cha siku moja baadaye na huzidi siku ya pili au ya tatu. Malengelenge huweza kufuata, kisha doa jeusi linalokaa majuma au miezi. Kwa kuwa maumivu huchelewa, mwenyewe hakumbuki ndimu.

Askari polisi na walimu wafaa kulijua hili zaidi ya wengine. Katika maandishi ya madaktari mna visa vya watoto walioonekana na alama za vidole mwilini, zikashukiwa kuwa za kipigo, kumbe mzazi alikuwa amekamua ndimu, akamshika mtoto kwa mikono iliyolowa, na mtoto akatoka kucheza juani. Alama za vidole zipo, na kipigo hakikuwapo. Kwa hiyo daktari aulize maswali ya jikoni kabla mtu hajapelekwa mahabusu, na apewe nafasi ya kumtazama mtoto kwa makini, kwani kipigo nacho kipo na huacha alama.

Anayekamua ndimu nyingi kwa achari au kwa sherehe na aoshe mikono hadi viwiko kwa sabuni kabla ya kutoka nje, na watoto waliosaidia wafanye vivyo hivyo. Jua likiwa limekwisha kupiga, mahali palipoungua pafunikwe kwa nguo, malengelenge yasitumbuliwe, na yakiwa makubwa au aliyeungua akiwa mtoto mdogo aende zahanati. Doa jeusi linalobaki hufifia lenyewe kidogo kidogo. Haifai kulisugua kwa ndimu nyingine, kama wafanyavyo wengi wanaotaka ngozi irudi haraka.